Anayegongewa Mlango Usiku

Katika kijiji cha Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, kijana akiacha kulala, akaanza kusema peke yake na kukataa chakula cha mama yake kwa madai kwamba kimetiwa sumu, hakuna anayeuliza daktari wa magonjwa ya akili yuko wapi. Kila mtu anajua yuko mbali. Kwanza wanakaa wazee wa ukoo. Kisha, mara nyingi giza likiwa limeshaingia, anatumwa mtoto kwenda kumgongea kasisi, au katekista kama kasisi yuko safarini. Huenda njiani pamepitiwa pia kwa mganga wa kienyeji. Hilo halisemwi mbele ya kasisi, na kasisi, kwa kuwa naye ni mtoto wa ziwa hilo hilo, haliulizi. Zahanati huja baadaye. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, hutajwa kama watu wanavyotaja nchi ya ng'ambo.

Mazungumzo ya leo yanamhusu huyo anayegongewa mlango. Amesomeshwa Agano la Kale na Jipya, historia ya kanisa, liturujia, labda na Kigiriki kidogo. Anajua kubatiza, kufungisha ndoa, kuzika. Ila mbele yake sasa kuna kijana aliyeshikwa mikono na kaka zake wawili, mama analia, shangazi anasema ni mapepo, na baba anataka jibu kabla ya asubuhi kwa sababu asubuhi kijiji kizima kitakuwa kimejua. Nani alimfundisha afanye nini?

Ipo elimu inayodai kumfundisha. Ni elimu ya ngazi ya juu, ya uzamili na uzamivu, inayomkalisha mwanafunzi mmoja kwenye madarasa mawili: upande huu saikolojia na tiba ya mazungumzo, upande ule teolojia ya Kikristo, na mwisho wa safari anatakiwa athibitishe kwamba anaweza kuvishika vyote viwili bila kimoja kukimeza kingine. Afrika Mashariki elimu hiyo imeshafika. Imefika hadi wapi, na inamfaa nini mtu wa Lundo, ndiyo habari yenyewe.

Ilikoanzia ni mbali, na ilianza kwa ugomvi. Mchungaji mmoja wa Zürich, Oskar Pfister, alianza kuandikiana barua na Sigmund Freud mwaka 1909, na urafiki wao ukadumu hadi Freud alipofariki mwaka 1939. Mwaka 1927 Freud alitoa kitabu kilichosema kwamba dini ni ndoto ya mwanadamu asiyetaka kukua. Mwaka uliofuata Pfister akamjibu kwa maandishi, katika jarida la Freud mwenyewe, na wakaendelea kuandikiana kama kawaida. Wachache leo wana moyo huo, si miongoni mwa wachungaji wala miongoni mwa wanasaikolojia.

Lakini aliyeufungua mlango hasa ni Mmarekani, Anton Boisen, na aliufungulia kwa ndani. Boisen alikuwa mchungaji. Mwaka 1920 alirukwa na akili vibaya, akalazwa hospitali ya vichaa katika jimbo la Massachusetts. Alipopata nafuu alishika jambo moja ambalo hakuliacha maisha yake yote: madaktari waliomtibu hawakuwa na habari na yale aliyokuwa akiyaona kuhusu Mungu na mwisho wa dunia, na watu wa kanisa hawakuwa na habari na ugonjwa. Pande zote mbili zilikuwa zikitembelea wodi moja bila kukutana. Akaomba kazi katika hospitali kama ile ile iliyomlaza. Kiangazi cha 1925, akiwa kasisi wa hospitali ya Worcester, aliwachukua wanafunzi wachache wa teolojia akawaingiza wodini. Hawakwenda kuhubiri. Walikwenda kufanya kazi ya wahudumu, kulisha, kuosha, kukaa na wagonjwa mchana kutwa, na jioni kuandika walichokisikia. Alitaka wawasome watu kwa bidii ile ile waliyowekeza kwenye vitabu.

Boisen alifariki mwaka 1965. Mwaka huo huo seminari ya Fuller, huko Pasadena, California, ilifungua shule ya uzamivu ya saikolojia ndani ya chuo cha teolojia, chini ya Lee Edward Travis, mtaalamu aliyekwisha kujijengea jina katika utafiti wa kigugumizi na mawimbi ya ubongo. Katika muongo uliofuata shule hiyo ilipata ithibati ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, jambo ambalo wengi hawakudhani seminari ingelipata. Tangu hapo mtindo umesambaa.

Sasa, hapa ndipo msikilizaji wa kando ya ziwa ana haki ya kuinua mkono. Wamarekani walihitaji shule ya kuunganisha kwa sababu kwao vitu hivyo vilikuwa vimeshatenganishwa: nafsi ya kanisani ilibaki kwa mchungaji, nafsi ya hospitalini ikachukuliwa na daktari, na katikati pakajengwa ukuta. Lundo ukuta huo haukuwahi kujengwa. Ugonjwa, deni, ugomvi wa shamba, dhambi, mzimu wa babu ambaye matanga yake hayakumalizwa vizuri, homa ya mtoto, vyote vinaweza kuwa ndani ya sentensi moja ya mama mmoja na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka huku akaenda kusoma kuunganisha, anapelekwa kujifunza jambo analolijua tangu utotoni. Asilolijua, na analolihitaji kwa dharura, ni kutenganisha: hiki ni kifafa, hiki ni majonzi, hii ni hatia ya kweli inayotaka toba, hii ni hatia ya kupandikizwa na wakwe. Akishaweza kutenganisha, kuunganisha kutamjia kwa wepesi ambao mwenzake wa Pasadena hataupata kamwe.

Wamisionari walioleta kanisa la Anglikana katika mwambao huu nao hawakuwa watu wa kutenganisha sana. Misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, UMCA, ilijikita kisiwani Likoma mwaka 1885, ikatumia maji kama barabara. Meli yao, Chauncy Maples, iliyoanza kazi mwaka 1901, ilikuwa kanisa, shule ya walimu na zahanati kwa pamoja, ikitia nanga kijiji hadi kijiji. Arkidikoni William Percival Johnson alizunguka vijiji hivi kwa zaidi ya miaka arobaini, akiwa karibu kipofu, hadi alipofariki mwaka 1928 akazikwa Liuli, ambako leo ipo hospitali ya Mtakatifu Anne. UMCA walikuwa Waanglikana wa mrengo wa Kikatoliki: uvumba, misa, na zaidi ya yote maungamo ya siri kwa padri. Nyuma ya milima, Wabenedikti walioanzisha Peramiho mwaka 1898 walileta maungamo hayo hayo kwa Wangoni na Wamatengo. Kwa hiyo mkoa huu wa Ruvuma una vizazi kadhaa vya watu waliozoea kuingia mahali pa faragha, kumweleza mtu mmoja jambo lisilosemeka nyumbani, na kutoka wakijua halitasikika sokoni. Mwanasaikolojia anayefungua ofisi mjini hutumia miaka kujenga imani ya namna hiyo.

Urithi huo una upande wa pili. Padri yule yule aliyesikiliza ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutenga. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa aliwekwa nje ya ushirika, akakaa nyuma kanisani, na waumini wote wakajua sababu. Mtu hawezi kumfungulia moyo anayeweza kesho kumsimamisha mbele ya usharika. Suala hili, kwamba mnasihi na hakimu ni mtu mmoja mwenye joho moja, ndilo kozi nzuri ya uzamili inapaswa kulishughulikia kabla ya nadharia yoyote ya Freud, na ndilo linaloshughulikiwa kwa uchache.

Turudi kwenye kutenganisha, na tuchukue kifafa, maana hakuna ugonjwa unaoonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika Mahenge, kusini kwa mto Kilombero, akawakuta Wapogoro wenye kifafa wakiishi kando ya jamaa zao. Walikuwa na chombo chao cha kulia. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtu akiangukia jikoni huku anatetemeka, waliomzunguka waliogopa kumgusa: mate yake yalidhaniwa kuambukiza, na aliyemo ndani yake alidhaniwa kuhama. Daktari huyo alianzisha kliniki akishirikiana na misheni ya Kikatoliki ya pale, akagawa vidonge vya bei rahisi, fenobabitoni zaidi, na watu waliokuwa wakianguka kila wiki wakaanza kulima. Baadaye aliingia katika magonjwa ya akili huko Canada, lakini Mahenge hakuiacha. Aliendelea kuirudia na kuiandikia kwa miongo. Watafiti waliokuja baadaye wamekuta kifafa kingi zaidi mahali palipo na usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wa kandokando ya mito yenye maji ya kasi. Mkoa wa Ruvuma nao umo katika orodha ya maeneo ya usubi nchini.

Mkristo anayesikia habari ya Mahenge hawezi kuacha kumkumbuka yule mtoto wa Injili ya Marko, sura ya 9, ambaye baba yake anasema huangushwa motoni na majini. Wahubiri wengi wa kando ya ziwa wameihubiri habari hiyo, na kila mwenye kifafa aliyekuwa kanisani siku ile aligeuziwa macho. Kasisi aliyesoma anafanya nini na andiko hilo? Hawezi kulifuta. Hawezi pia kumwambia mama mwenye mtoto wa namna hiyo kwamba tatizo ni usubi tu na mengine ni ushamba, kwa sababu mama huyo hatarudi tena kwake, ataenda kwa nabii wa hema. Anachoweza ni kuomba na mama, kumshika mtoto kwa mikono yake mwenyewe mbele ya watu ili waone kwamba haambukizi, kula naye sahani moja, na kusema bila kuuma maneno kwamba vidonge visiachwe. Mgonjwa anayeacha fenobabitoni ghafla anaweza kupatwa na degedege zisizokoma, na zikamwua. Anayetangaza jukwaani, mtoto huyu amepona, tupeni dawa, hajui kwamba huenda ametoa hukumu ya kifo. Hili si suala la imani kubwa au ndogo. Ni kemia ya dawa, na yeyote anayewawekea watu mikono anatakiwa alijue kama dereva anavyojua breki.

Wapo Waafrika waliokwisha kuifanyia kazi elimu hii hadi ikafanana na nyumbani. Jean Masamba ma Mpolo, mwanateolojia wa Kongo aliyewahi pia kufanya kazi katika Baraza la Makanisa Duniani huko Geneva, alitoa mwaka 1976 kitabu cha Kifaransa kuhusu kuwafungua watu walioamini kwamba wamerogwa. Swali lililomshughulisha si kama uchawi upo au haupo. Alitaka kujua tuhuma ya uchawi inafanya kazi gani ndani ya ukoo: nani anamwogopa nani, mali gani haijagawanywa, nani amesoma akawaacha wenzake nyuma. Kwake mgonjwa mmoja alikuwa ni mlango wa kuingilia katika familia nzima, na tiba ilikuwa kuwakalisha. Mtu wa Lundo aliyekulia kwenye vikao vya ukoo atasema hilo analijua. Kweli analijua. Lakini kikao cha ukoo mara nyingi hutafuta wa kulaumiwa, na kazi ya Masamba ilikuwa kukiendesha kikao kile kile bila kutoka na mchawi.

Kenya imekwenda mbali zaidi kwa upande wa vyuo. Dkt. Gladys Mwiti alisoma uzamivu wa saikolojia ya tiba pale pale Fuller, akarudi Nairobi. Shirika aliloanzisha, Oasis Africa, linashughulika na unasihi na kiwewe, na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 naye alishiriki kuwafundisha watu wa Rwanda kazi ya kuponya majeraha yasiyoonekana. Pamoja na mwalimu wa Fuller, Al Dueck, aliandika kitabu kinachodai kwamba unasihi wa Kikristo Afrika uanzie kwenye jumuiya, wazee, methali na mila zenye uhai, badala ya kuanza na mtu mmoja aliyelala kwenye kochi. Chuo Kikuu cha Daystar, cha Kikristo, kina shahada za unasihi na uzamivu wa saikolojia ya tiba. Na mwaka 2014 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya wanasihi na wanasaikolojia, ili asiyesomea asijibandike jina. Nje ya vyuo, huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, Dkt. Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste na mshindi wa Nobeli ya Amani ya 2018, alijenga hospitali ya Panzi, ambako mwanamke aliyebakwa hapewi upasuaji tu. Hupewa pia mnasihi, wakili na namna ya kujipatia riziki.

Tanzania tuna historia ndefu kuliko tunavyojisifia. Lutindi, juu ya milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari Wajerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 imekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Iko chini ya kanisa la Kilutheri hadi leo, na wagonjwa wake hulima chai. Kwa upande wa mafunzo, hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, huwafundisha wachungaji kazi ya kichungaji hospitalini kwa njia ile aliyoianzisha Boisen.

Njia hiyo inastahili kuonwa kwa karibu, maana uzito wa elimu yote uko hapo. Mwanafunzi anamtembelea mgonjwa. Haandiki chochote kitandani. Akitoka anakaa peke yake na kuandika mazungumzo yote kwa kumbukumbu, neno kwa neno kadiri anavyoweza: mgonjwa kasema hivi, mimi nikasema vile, hapa pakawa na kimya. Kesho yake anayasoma mbele ya wenzake na mwalimu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, karatasi inasema: mgonjwa, mvuvi mwenye mguu uliovunjika, akasema, "Mchungaji, mimi nimeshalaaniwa." Mstari unaofuata: "Nikamwambia, tuombe." Mwalimu anamsimamisha. Kwa nini umeomba hapo? Mwanafunzi anajibu kwamba mgonjwa alikuwa na huzuni. Ulijua aliyemlaani ni nani? Hapana. Ulijua kwa sababu gani? Hapana. Basi sala ile ilikuwa ya nani, ya mgonjwa au yako wewe uliyeogopa kusikia kinachofuata?

Chumba kinanyamaza, na mwanafunzi aliyehubiri miaka kumi anagundua kwamba amekuwa akitumia sala kufunga mlango. Hakuna aliyemwambia aache kuomba. Ameambiwa asubiri. Mvuvi yule, akisubiriwa, huenda angesema kwamba mtumbwi uliovunjika haukuwa wake, ni wa mjomba, na kwamba mjomba alikufa maji mwaka jana siku ambayo yeye alikataa kwenda naye ziwani. Hapo sasa ndipo pa kuomba.

Wapinzani wa elimu hii wako pande zote. Mmarekani Jay Adams aliandika mwaka 1970 kwamba mchungaji mwenye Biblia anatosha, na saikolojia ni mgeni aliyejikaribisha. Ana wafuasi wengi Afrika Mashariki hata miongoni mwa wasiolijua jina lake. Hoja yao si ya kudharau: kanisa liliponya watu kabla ya Freud, na Waanglikana wanamkumbuka Edmund John, mlei, ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, ambaye kuanzia 1972 hadi kifo chake mwaka 1975 alizunguka akihubiri toba na kuombea wagonjwa, na umati ukamfuata. Lakini tumeona pia mwaka 2011 maelfu wakipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu kwa shilingi 500, na baadhi yao wakiacha dawa walizopewa hospitalini. Na mwaka 2023, msituni Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Anayesema Biblia inatosha ajiulize inatosha mikononi mwa nani.

Upande mwingine wapo wanasaikolojia wanaomwona mchungaji kama kizuizi, mtu wa kupita ili kumfikia mgonjwa. Hao nao wakifika Lundo watakaa ofisini wakiwa na fomu zao na hakuna atakayeingia.

Ipo pia sheria, ambayo mitaala mingi haiipi nafasi yake. Sheria ya Uchawi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1928 na bado ipo, inamhesabu kuwa mkosaji anayemtaja mtu kwamba ni mchawi. Nabii anayesimama na kusema adui yako ni jirani mwenye bati jekundu, huyo hajatoa unabii tu, ametenda kosa la jinai, na bibi kizee mwenye bati jekundu anaweza kulala na panga kichwani wiki hiyo. Kasisi mwenye shahada ya uzamili anayekaa kimya jambo hilo likitendeka katika parokia yake amesoma bure.

Swali la mwisho ni la fedha na barabara. Anayepata uzamili wa namna hii, mara nyingi kwa ufadhili kutoka nje, hubaki mjini: anakuwa mhadhiri, kasisi wa hospitali kubwa, au mratibu wa mradi. Si kosa lake, nyumba ya kasisi kijijini haina hata meza ya faragha ya kuzungumzia. Barabara ya lami imeshafika Mbamba Bay, lakini lami huchukua watu kwa njia zote mbili. Kwa maoni ya mwandishi huyu, shahada hizi zipimwe kwa idadi ya makatekista ambao mhitimu mmoja amewafundisha, maana katekista haondoki. Ana shamba la muhogo hapo na watoto wake wanaanika usipa pale ufukweni. Hili linawezekana. Harare, tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye mawazo mazito, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa na mabibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ruvuma ina seminari kuu Peramiho, ina abasia ya Hanga, na Songea ndiko Radio Maria Tanzania ilikoanzia kurusha matangazo mwaka 1996. Nyenzo za kufikisha somo kwa makatekista zipo tayari.

Na somo la kwanza kabisa liwe lile linaloogopwa kuliko yote, la kujiua. Kwa karne nyingi makanisa yaliwanyima maziko waliojitoa uhai. Kitabu cha sala cha Waanglikana cha 1662 kiliagiza hivyo, na sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 pia. Sheria mpya ya Kikatoliki ya 1983 iliwaondoa katika orodha ya wanaonyimwa, kwa sehemu kwa sababu kanisa lilikuwa limejifunza kwa madaktari kiasi gani ugonjwa wa akili unapunguza hiari ya mtu. Huo ni mfano halisi wa saikolojia kuingia katika teolojia na kubadilisha kinachotendeka makaburini. Vijijini, hata hivyo, bado wako wanaozikwa haraka haraka bila kengele, na mzee wa kanisa anayezuia kengele anaamini anatii agizo ambalo Roma iliacha kulitoa zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Kwa aliyejaribu akapona, hali ni ngumu zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume na katiba. Huku kwetu ndugu wa mgonjwa humficha, humwambia mganga wa zahanati kwamba alikunywa dawa ya shambani kwa bahati mbaya, na kwa hiyo haandikiwi rufaa kwa mtaalamu wa akili. Anayeambiwa ukweli, mara nyingi, ni kasisi. Afunge mdomo kwa siri ya maungamo, au amshawishi mgonjwa aseme na hatari ya polisi iwepo? Makasisi wa mwambao huu wanakutana na swali hilo sasa hivi, wengi bila mtu wa kumpigia simu, na chuo kinachotaka kuwafundisha wanafunzi wa uzamili kuunganisha saikolojia na teolojia kinaweza kuanza muhula wake kwa kuwaita waje walieleze darasani.